Leseni Mkononi mwa Afande

Mwaka 2019 kazi yangu ilikuwa kuchora maboksi. Nilikaa ghorofa ya tatu ya jengo moja hapa Nairobi, mbele ya kompyuta, nikiletewa picha za barabara ambazo sijawahi kuzikanyaga: lami pana, nyumba zisizo na ukuta wa mawe, alama nyekundu ya pembe nane iliyoandikwa STOP. Kila gari unalichorea boksi. Kila mbwa, boksi. Kila mtu, boksi, halafu unachagua lebo: anatembea, amesimama, yuko kwenye baiskeli. Picha zilikuwa za Marekani. Tulijua zinatumika kufunza magari yanayojiendesha, lakini magari ya nani hatukuambiwa, na karatasi ya siri tuliyotia sahihi siku ya kwanza ilitufunga mdomo hata kwa maswali.

Jioni ya mshahara wa kwanza nilimpelekea Baba nyama kilo mbili, nikamweleza kazi yangu mpya. Alikuwa ameketi nje, mguu wenye gauti juu ya kigoda. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hivyo unafunza gari kuendesha?"

"Naifunza kuona, Baba. Kuendesha inafunzwa na watu wengine huko."

"Sawa. Na kuvunja sheria inafunzwa na nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Baba aliendesha matatu miaka 22, nyingi zikiwa kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, na mambo ya usukani hayafanyii mzaha.

"Dereva asiyejua kuvunja sheria ni hatari barabarani," alisema. "Na yule anayejua sana ni hatari zaidi. Sasa hiyo gari yenu, mama, mtaiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliacha kazi ile miaka miwili baadaye, lakini swali halikuniacha.

*

Watu huongea juu ya magari yanayojiendesha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza mashine kuketi kati ya dereva na sheria. Huku kwetu jambo hilo lilifika mapema. Mwaka 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, matatu zote zilitakiwa ziwe na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, kile tunachokiita spidi gavana, kinachozuia gari kupita kilomita 80 kwa saa. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka wiki hiyo watu wakienda kazini kwa miguu kwa sababu matatu nyingi zilikuwa hazijatimiza masharti.

Ukifikiria vizuri, spidi gavana ni babu yake gari la roboti. Haikuombi uendeshe polepole wala haikutishi kwa faini. Inakunyima tu. Unakanyaga mafuta na gari linakataa.

Baba aliichukia. Malalamiko yake makubwa yalikuwa ya mlima wa kutoka Naivasha. Uko nyuma ya lori refu linalokwenda kilomita 65 kwa saa. Unaona barabara mbele iko wazi, unatoka kulipita. Sasa uko upande wa magari yanayokuja, na gavana imekufunga kwa 80. Unalipita lori kidogo kidogo, kama mtu anayepita mlevi kwenye korido nyembamba. Halafu kwenye kona inatokea basi.

"Hapo unataka kukanyaga utoke," alisema. "Na gari inakuambia sheria ni 80."

Nimepiga hesabu hiyo baadaye. Ukilipita lori hilo kwa 80, unahitaji kama sekunde 14 na zaidi ya mita 300 ukiwa upande usio wako. Ukilipita kwa 100, ni sekunde sita hivi, chini ya mita 180. Kwa hesabu hiyo, Baba alikuwa na haki: kuvunja sheria ya mwendo kunapunguza muda wa kukaa mdomoni mwa kifo kwa zaidi ya nusu.

Lakini kuna kitu hesabu hiyo inaficha, na ilinichukua miaka kukiona. Kulikuwa na chaguo la tatu: kubaki nyuma ya lori. Hakuna aliyemlazimisha kulipita. Kilichomlazimisha ni mwenye gari aliyetaka pesa zake jioni, na trip ya nne ambayo ndiyo ilikuwa chakula chetu. Baba aliita hali hiyo dharura. Ilikuwa dharura kweli, ila haikuwa ya barabarani.

Fundi mmoja Nakuru alimkatia waya wa gavana. Kutoka hapo matatu ilikimbia kama zamani.

*

Hadithi ambayo Baba husimulia wageni ni ya mwaka 2006.

Kaka yangu mdogo alikuwa na miaka mitano na ana pumu. Jioni moja kifua kilibana, dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Tulikuwa tunaishi Kinoo. Baba aliazima Probox ya jirani, Mama akaingia nyuma na mtoto, mimi mbele kwa sababu hakuna aliyenikumbuka kunikataza. Hospitali tuliyoiendea ilikuwa kule Kikuyu. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Kama unaijua barabara ile saa hiyo, unajua: magari yamesimama kama yameegeshwa.

Baba alingoja labda dakika moja. Kisha akawasha taa zote, akapanda kijisehemu cha nyasi cha katikati, akashuka upande wa pili, tukawa tunakwenda uso kwa uso na magari yanayoelekea mjini. Hakukimbia. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Mtu aliyekata waya wa gavana alikuwa anaendesha pole, honi imebonyezwa, ukingoni kabisa, mkono wa kulia nje ya dirisha akiwapungia wanaokuja: pole, pole, nina mgonjwa.

Muthiga tulisimamishwa na askari wa trafiki.

"Shuka."

"Afande, mtoto hapumui."

Afande aliangalia nyuma, akaona. Lakini nyuma yetu kulikuwa na magari mengine matatu yaliyokuwa yametufuata, yakidhani njia imefunguka, na hayo hayakuwa na mtoto yeyote. Nadhani ndiyo sababu hakutuachilia tu hivi hivi. Baba akatoa leseni, ile ya zamani ya kijitabu chekundu, akamwekea mkononi.

"Kaa nayo. Andika makosa yote. Kesho asubuhi nitakuja stesheni mwenyewe. Saa hii niache niende."

Na kesho yake alienda kweli. Kaka alikuwa amelala na mashine ya hewa puani, anapumua. Baba alivaa koti, akapanda matatu kama abiria, akafika kituoni, akasema: ni mimi. Alikaa pale kwenye benchi mpaka saa nane. Sijui kama alilipa faini au kitu kidogo, hakuwahi kusema. Alirudi na leseni yake.

Wageni wanapoisikia hadithi hii hupenda ile sehemu ya kupanda nyasi. Mimi nimekuja kupenda sehemu ya benchi.

*

Wahandisi wa magari haya waligundua mapema alichokijua Baba. Mwaka 2009, gari la majaribio la Google lilifika kwenye makutano ya barabara nne, ya zile ambazo kila upande una alama ya STOP na anayefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza. Gari lilisimama kabisa kama kitabu kinavyosema, likangoja wengine nao wasimame kabisa. Madereva binadamu hawasimami kabisa. Wanapunguza, wanasogea, wanachungulia, wanasogea tena. Gari likabaki limekwama palepale, tiifu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa kwenye foleni ya steji ya Odeon.

Kwa hivyo wakaanza kulifunza adabu za barabarani, na baadhi ya adabu hizo ni makosa ya kisheria. Mwaka 2014 mhandisi mkuu wa programu ya Google, Dmitri Dolgov, aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba magari yao yanaruhusiwa kuzidi kikomo cha mwendo kwa hadi maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, ikiwa magari yanayoyazunguka yanakwenda kasi zaidi. Sababu ni ya maana: gari moja la polepole katikati ya mengi ya kasi linaweza kusababisha ajali. Ni hoja ya Baba nyuma ya lori, ila imevaa tai.

Kisha ikaja Tesla. Januari 2022, baada ya mazungumzo na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kampuni hiyo ilikubali kurekebisha magari 53,822. Programu yake ya majaribio ilikuwa imewekwa kwa makusudi ili, masharti fulani yakitimia, gari lipite alama ya STOP bila kusimama, likitambaa kwa mwendo wa hadi kilomita 9 kwa saa. Masharti yenyewe yalikuwa ya busara ukiyasoma: pasiwe na mtembea kwa miguu anayeonekana, pasiwe na baiskeli, barabara zote pale ziwe za mwendo mdogo. Kampuni ilisema haikuwa na habari ya ajali yoyote iliyotokana na jambo hilo.

Siku niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu kuna hadithi nyingine ya Baba ambayo hasimulii wageni.

*

Mwaka 2011. Asubuhi, barabara ndogo ya kutoka mtaani kuingia barabara kubwa. Kuna alama ya kusimama pale, imepinda, lakini ipo. Baba alikuwa amepita makutano yale mara elfu. Hasimami. Anapunguza, anaangalia kulia, akiona nafasi anapinda kushoto na kuingia. Kila dereva wa mtaa wetu hufanya hivyo mpaka leo.

Ukiangalia kulia, unaangalia mahali magari yanakotoka. Hiyo ni akili ya kawaida: kitakachokuua wewe dereva kinatoka kulia. Lakini mama mmoja aliyeuza sukumawiki pale steji alikuwa anatoka kushoto, na gunia mgongoni, akivuka mbele ya boneti ya gari ambalo, kwa sheria, lilipaswa kuwa limesimama. Baba alikuwa anatambaa tu. Kilomita 9, 10 kwa saa. Mwendo wa mtu anayekimbilia basi.

Mguu ulivunjika mahali pawili.

Baba hakukimbia. Nalisema kwa sababu huku kwetu hilo halijitokezi lenyewe. Watu walikuwa wameanza kuokota mawe. Alishuka, akambeba, akampeleka hospitali kwa matatu ileile huku abiria wakipiga kelele kuhusu nauli yao. Alienda polisi. Alishtakiwa, akalipa faini, akalipa matibabu kwa kuuza shamba dogo alilorithi Nyandarua, ambalo Mama hadi leo hulitaja akikasirika. Akaendesha mwaka mmoja zaidi, kisha akaacha.

Kwa hivyo kuna Baba wa nyasi na Baba wa boneti. Kwa miaka mingi nilijaribu kuwatenganisha: huyu shujaa, huyu mzembe. Lakini ni mtu mmoja, na ujuzi ni mmoja. Mkono uliojua kwamba nyasi zinapandika ndio uliozoea kutosimama. Tofauti haikuwa kwamba mara ya kwanza alivunja sheria na mara ya pili hakujua anaivunja. Mara ya kwanza ilikuwa uamuzi: aliona anachokivunja, akapunguza mwendo, akaomba radhi kwa kila aliyemkuta njiani, akaacha leseni. Mara ya pili hapakuwa na uamuzi wowote. Ilikuwa mazoea.

Na hilo ndilo lililonitisha kwenye habari ya magari 53,822. Programu huchukua kosa dogo la busara na kuligeuza mazoea kabla gari halijatoka nyumbani. Baba alihitaji mara elfu kuzoea makutano moja. Gari linazoea makutano yote ya nchi kwa usiku mmoja, programu mpya ikiingia kupitia intaneti, mwenye gari akiwa amelala. Kweli, marekebisho nayo huingia kwa njia hiyo hiyo, na hilo ni jambo zuri ambalo Baba hakuweza: kuwasahihisha madereva wote wa mtaa wetu kwa pamoja. Lakini mwanzoni, mtu fulani ofisini aliandika sharti "kama haonekani mtembea kwa miguu". Haonekani na nani? Mama wa sukumawiki naye hakuonekana. Alikuwepo, ila hakuonekana.

*

Kuonekana ndiyo ilikuwa kazi yangu, kwa hivyo niseme na kuhusu Elaine Herzberg.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, mama huyo wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Gari la majaribio la Uber lilimgonga akafa. Ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza anayejulikana kuuawa na gari la aina hiyo. Wachunguzi wa Marekani waligundua kwamba mitambo ya gari ilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Ni muda mwingi. Hesabu polepole mpaka tano uone. Lakini programu haikuweza kuamua yeye ni nini. Ikasema gari, ikasema kitu kingine, ikasema baiskeli, ikawa inabadilisha. Haikusema mtu anavuka, kwa sababu haikuundwa kufikiria watu wanaovuka mahali pasiporuhusiwa.

Soma sentensi hiyo ukiwa umesimama kando ya Thika Road. Barabara ile ina njia nane na madaraja ya watu kupita juu, na kila siku utaona watu wakiruka chini yake: mwanafunzi aliyechelewa, mama mwenye mzigo asioweza kuupandisha ngazi, jamaa mvivu tu. Nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Si wote wanaovunja sheria. Lakini wengine ndiyo, na dereva yeyote wa Nairobi hujifunza wiki ya kwanza kwamba watu watatokea popote. Hakifundishwi kwenye Highway Code. Unajifunza kwa kuogopa.

Tunapouliza kama gari linalojiendesha liruhusiwe kuvunja sheria, mara nyingi tunawaza gari pekee. Tempe ilionyesha upande wa pili: gari liliundwa kana kwamba watu wengine hawavunji sheria. Na mtu aliyevuka vibaya akawa, kwa mashine, hayupo. Dereva mwenye huruma huvumilia makosa yake mwenyewe kidogo sana na ya wengine mengi. Gari lile lilifanywa kinyume chake.

Nani aliwajibika? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni mwajiriwa aliyekuwa ameketi nyuma ya usukani kulisimamia gari, ambaye macho yake yalikuwa kwenye simu. Mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 chini ya uangalizi wa mahakama. Alikosea, sibishi. Lakini mfumo mzima uliofanywa na mamia ya watu ulipotafuta mtu wa kwenda kuketi kwenye benchi ya kituo cha polisi, ukampata yule wa chini kabisa.

*

Sasa boksi langu.

Ilikuwa mwezi wa nne wa kazi, karibu na mwisho wa zamu ya usiku. Tulikuwa na idadi ya picha za kumaliza kwa saa, na mimi nilikuwa nyuma. Ikaja picha ya giza: barabara, mti, na chini ya mti umbo. Lingeweza kuwa mfuko wa taka. Lingeweza kuwa mtu ameinama. Nilikuza picha, nikapunguza, nikaongeza mwanga. Upande wa kulia wa skrini saa ilikuwa inahesabu kwa rangi nyekundu.

Nikaweka lebo ya "kitu kingine", nikabonyeza.

Picha iliyofuata ilikuwa barabara ya mchana, jua, gari jeupe. Boksi.

Najua picha moja haiui mtu. Kuna maelfu kwa maelfu, na kuna wakaguzi waliopita nyuma yetu. Pengine ulikuwa mfuko kweli. Lakini usiku ule nilitembea hadi steji nikimuona mama wa sukumawiki ameinama kufunga gunia lake chini ya mti. Na nikatambua kwamba hata ningetaka kumfuata mtu niseme "ile picha, ni mimi", hapakuwa na wa kumfuata. Sikujua gari ni la nani. Mwenye gari hakujua kama niko. Nilikuwa nimepita STOP bila kusimama, nikitambaa, kwa sababu saa ilikuwa inahesabu, kama vile trip ya nne ilivyokuwa ikimhesabia Baba. Ila yeye angalau alisikia mfupa ukivunjika.

*

Septemba 2025, huko San Bruno, California, polisi walisimamisha gari la Waymo lililogeuza njia mahali pasiporuhusiwa. Walipochungulia ndani hapakuwa na dereva. Kitabu chao cha faini hakikuwa na nafasi ya kuandika roboti, basi gari likaenda zake na kampuni ikaarifiwa. Jimbo hilo lilikuwa tayari limepitisha sheria, inayoanza kutumika Julai 2026, ya kuwawezesha polisi kuandikia kampuni notisi gari lake likivunja sheria.

Nilimsimulia Baba. Alicheka hadi akakohoa.

"Sasa afande alibaki ameshika nini?"

"Hakuna, Baba."

"Hapo ndio shida." Akanyamaza kidogo. "Mimi sisemi hiyo gari isivunje. Kama kuna mtoto hapumui ndani yake, ivunje. Kama kuna lori imezima katikati ya barabara, ipite mstari, iende. Lakini lazima ikiwa inavunja kuwe na mtu anaambia afande: kaa na hii, nitakuja."

"Na mtu huyo akiwa kampuni?"

"Kampuni iko na miguu ya kuja stesheni?"

Nilitaka kumweleza kuhusu notisi na ripoti na marekebisho ya programu. Hayo yote ni aina ya miguu, na huenda mwisho wa siku yakaokoa watu wengi kuliko aibu ya Baba iliyowahi kuokoa. Mashine haichoki, hailewi, haina mwenye gari anayengoja pesa jioni. Ina tu mwenye hisa anayengoja pesa mwisho wa robo mwaka. Siombi madereva kama Baba warudi kila mahali. Nimeona mguu walioweza kuuvunja wakitambaa. Ninachoomba ni kidogo zaidi. Kila ruhusa ya kuvunja sheria inayowekwa ndani ya gari iwe imeandikwa wazi mahali tunapoweza kuisoma, na chini yake pawe na jina la mtu. Lisiwe la yule aliyechora boksi usiku wa manane, wala la yule aliyeketi nyuma ya usukani akilipwa kwa saa. Liwe la mtu aliyesema: hapa, kwa sababu hii, tusisimame.

Kila Jumamosi Baba hununua sukumawiki kwa yule mama. Bado anauza palepale, ana kibanda sasa, na huchechemea. Baba habishani bei, na nimegundua kwamba yeye humwongezea bei kidogo, waziwazi, na Baba hulipa. Jumamosi iliyopita gauti ilimshika, nikaenda mimi.

"Baba yako amekosa?" aliuliza akikata mboga.

"Mguu, Mama."

"Ah." Aliendelea kukata, kisu kikienda haraka kwenye majani. "Mwambie asiharakishe. Akipona atakuja."

Akanifungia mboga za mia moja. Nilipomrudishia salamu Baba, aliuliza tu kama nililipa zote.